Upande wa Tatu wa Mizani

Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo iliyonona na kuku mjini Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, maksai mmoja alisimamishwa mbele ya umati. Kwa peni sita mtu yeyote aliweza kununua tikiti, akaandika jina na anwani yake, kisha akabashiri: maksai huyu akishachinjwa, akachunwa na kutolewa matumbo, nyama itakayobaki itakuwa na uzito gani? Wachinjaji walinunua tikiti. Wakulima walinunua. Hata watu wasiowahi kushika kisu cha buchani walijitosa, maana zawadi ya aliyekaribia zaidi haichagui mtu.

Tikiti zilizofaa kuhesabiwa zilikuwa 787. Zilifika mikononi mwa Francis Galton, mwanasayansi aliyekuwa ameshavuka miaka 80, na ambaye hakuwa mtu wa kuziacha namba zilale. Alizipanga kuanzia kisio dogo hadi kubwa, akachukua lile la katikati: ratili 1,207. Nyama yenyewe ilipowekwa kwenye mizani ilikuwa ratili 1,198, yaani kilo 543 hivi. Umati uliokuwa ukikadiria kwa macho ulikosea kwa chini ya asilimia moja. Galton aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1907 katika jarida la Nature, na mpaka leo habari za maksai wa Plymouth husimuliwa kuisifu hekima ya wengi.

Ni nadra kusimuliwa kama swali la maadili, ingawa swali limo humo humo. Kiumbe yuko hai, anapumua, anacheua. Mbele yake watu wanashindania uzito wa kitu ambacho bado hakipo, na ambacho hakiwezi kuwepo mpaka yeye asiwepo. Ubashiri wa namna hiyo ni elimu, ni kamari, au ni haki? Na kama ni haki, ni ya nani?

Siku hizi maksai amempisha kuku. Katika vyuo vya kilimo vya Nigeria, Uturuki, Brazili na kwingineko kumefanywa tafiti nyingi zenye lengo moja: kujua kuku wa nyama aliye hai atatoa nyama kiasi gani, kwa kumpima mwili tu. Utaratibu haubadiliki sana. Kuku wa wiki tano au sita anakamatwa kabla hajala na kuwekwa kwenye mizani. Futikamba, ile ile ya fundi cherehani, inazungushwa kifuani chini ya mabawa. Unapimwa urefu wa mfupa wa kidari, wa muundi, wa paja, wa bawa, na wa mwili mzima. Kila namba inaandikwa pamoja na alama ya kuku wake. Kisha kuku anachinjwa, ananyonyolewa, anakatwa vipande, na kidari, mapaja na mabawa vinapimwa kimoja kimoja. Kazi ya kompyuta ni kutafuta mlinganyo wa kuunganisha daftari la kuku hai na daftari la kuku mfu, ili safari ijayo futikamba itoe jibu bila kisu.

Majibu yanayopatikana kwa kawaida hayana maajabu. Uzito wa kuku hai ndio unaobashiri vizuri kuliko kitu kingine chochote. Mzunguko wa kifua hufuata, kwa sababu kidari ndiko nyama iliko. Urefu wa muundi husema zaidi juu ya mfupa kuliko nyama. Mtafiti akishaingiza uzito katika mlinganyo, vipimo vingine huongeza kidogo sana, kwani vyote vinarudia habari moja: kuku mkubwa ana kila kitu kikubwa. Ni kama mashahidi kumi waliosafiri kwa basi moja na kusimuliana tukio njiani. Hakimu atawasikiliza wote kumi, lakini ushahidi anaoupata ni wa mtu mmoja. Wanatakwimu wanaijua hatari hiyo vizuri, na bado tafiti zenye vipimo vinane vinavyosema neno moja zinaendelea kuchapishwa.

Yapo pia yasiyofikiwa na futikamba. Mafuta ya tumboni hayaonekani kwa nje. Maji na pumba zilizomo kwenye gole huhesabiwa kama kuku mpaka utumbo utolewe. Kuku wa kisasa wa kilo mbili, akishatolewa damu, manyoya, kichwa, miguu na matumbo, hubaki na takriban kilo 1.4 hadi 1.5, lakini hilo "takriban" ndilo linalomlisha dalali. Katika masoko ya Dar es Salaam, ambako kuku wengi huuzwa kwa idadi na si kwa kilo, mnunuzi mzoefu hamwamini muuzaji wala macho yake mwenyewe. Humnyanyua kuku kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili hubonyeza pande zote mbili za mfupa wa kidari. Huo nao ni mlinganyo, ila haujaandikwa popote.

Swali la kiasi cha nyama kilichomo ndani ya mnyama hai lilijadiliwa kwa ukali zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Plymouth, na waliolijadili hawakuwa wanatakwimu. Katika Muwatta, kitabu cha hadithi na fikihi cha Imamu Malik aliyefariki mwaka 795, imo riwaya ya Said bin al-Musayyab kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza kuuza mnyama kwa nyama. Fikiria mchinjaji mwenye vipande vya mbuzi na jirani yake mwenye mbuzi hai kambani. Wanataka kubadilishana. Kwa mtu wa kawaida hapo hakuna tatizo lolote. Kwa wanafikihi kulikuwa na shimo: nyama kwa nyama ya jinsi moja haibadilishwi ila kwa kiasi sawa, la sivyo ni riba, na nyama iliyo ndani ya mbuzi anayelia hakuna anayejua kiasi chake.

Madhehebu yakaachana njia. Imamu Malik alilifunga katazo kwa wanyama wa jinsi moja. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yakaenda mbali zaidi. Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kinaharamisha kuuza nyama kwa mnyama wa jinsi yake, na kwa kauli yenye nguvu zaidi hata wa jinsi nyingine. Nyuma ya msimamo huo iko kanuni inayostahili kusomwa na kila mtafiti wa vipimo: katika mambo ya riba, kutojua kama viwili ni sawa kunahukumiwa kama kujua kuwa havikuwa sawa. Ujinga hausamehewi kwa sababu ni ujinga.

Abu Hanifa aliona tofauti. Kwake nyama ni kitu cha kupimwa kwa mizani, na mnyama hai si kitu cha kupimwa kwa mizani, kwa hiyo vitu viwili hivyo havikutani katika hukumu ya riba. Al-Marghinani, mwanafikihi wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1197, anaitetea hoja hiyo katika kitabu chake cha Hidaya kwa sababu inayochekesha mpaka pale msomaji atakapomkumbuka kuku anayepapatika juu ya mizani ya duka: mnyama hai hajulikani uzito wake, kwani mara hujifanya mwepesi na mara hujifanya mzito.

Na katikati yao alisimama Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, akasema jambo ambalo leo linasikika kama limetoka idara ya takwimu. Kubadilishana kunafaa, alisema, ikiwa nyama iliyokatwa ni nyingi kuliko ile iliyomo ndani ya mnyama. Hapo nyama italipa nyama, na ziada italipa vile visivyo nyama. Al-Shaybani hakuhitaji kujua kiasi kamili. Alihitaji mpaka tu: kwamba ndani ya mnyama huyu hakuna zaidi ya kadhaa. Alifariki mwaka 805, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Galton kuchora mistari yake ya kwanza ya uhusiano wa vipimo, na mpaka ule alioutaka ndio mlinganyo wa futikamba unaoweza kumpa.

Je, futikamba inabadilisha hukumu? Hakuna fatwa itakayotolewa katika kurasa hizi, lakini mzozo wenyewe unafundisha. Mwanatakwimu mwaminifu haandiki kwamba kuku huyu ana gramu kadhaa za kidari. Anaandika gramu kadhaa, kisha anaandika kiasi anachoweza kuwa amekosea. Mshafii akisoma ukurasa huo atasema: hapo hapo penye kosa ndipo palipokatazwa, na umekiri kwa maandishi. Al-Shaybani angeuliza kama kosa hilo linaweza kuwekewa mpaka. Wote watatu wanakubaliana kwamba kosa lipo. Wanagombania ni nani atakayelibeba.

Kuna jambo jingine ambalo mlinganyo huficha. Unazungumza juu ya kundi. Kwa banda la kuku elfu moja, makosa ya juu na ya chini yanafidiana, na jumla inakaribia ukweli kama kisio cha umati wa Plymouth. Kwa kuku mmoja aliye mkononi mwa mama anayemtaka kwa pilau ya leo, hakuna cha kufidiana nacho. Mwenye banda anacheza na wastani. Mnunuzi wa kuku mmoja anacheza na bahati. Elimu ile ile inampa mmoja uhakika na kumwachia mwingine wasiwasi, na wanaouza kwa jumla wameligundua hilo bila kusoma kitabu. Labda ndiyo maana wanafikihi wa Kishafii, walipokubali biashara ya salam, yaani kulipia leo bidhaa itakayoletwa baadaye, walisisitiza maelezo: kwa ndege lazima itajwe aina yake, na kama mwili wake ni mkubwa au mdogo. Mwenye hoteli anayelipia kuku mia tano wa sikukuu akiwa bado hajawaona yumo katika mlango huo huo wa fikihi.

Mfano bora kabisa wa ubashiri wa haki, hata hivyo, hauhusu kuku wala mbuzi. Unahusu tende. Baada ya Waislamu kuiteka Khaybar, mji wa mitende huko Uarabuni, Mayahudi wa huko waliachwa walime mitende kwa makubaliano ya kugawana mavuno, na Mtume alimtuma sahaba wake Abdullah bin Rawaha akadirie mazao yangali mtini. Hakuwa na mizani inayoweza kupima mtende. Alikuwa na macho, uzoefu, na sharti moja alilowapa wenyeji baada ya kutaja kisio lake: wakitaka wayachukue mavuno wao kwa hesabu hiyo, au wakitaka wamwachie yeye kwa hesabu hiyo hiyo. Walijaribu kumhonga kwa mapambo ya wake zao. Alikataa, akawaeleza kwamba chuki aliyokuwa nayo kwao haitamfanya awadhulumu. Riwaya ya Muwatta inasema wenyewe walikiri kuwa mbingu na ardhi zimesimama kwa haki ya namna hiyo.

Sharti lile ni werevu mkubwa. Mkadiriaji anayekubali kuchukua upande wowote hana faida ya kuongeza wala kupunguza. Kisio lake linaweza kuwa na kosa, lakini kosa hilo halina mwelekeo. Ukiipeleka kanuni hiyo sokoni, mambo mengi yananyooka mara moja: dalali anayesema kuku huyu ana kilo mbili angeulizwa kama angemnunua kwa bei hiyo hiyo. Kampuni inayowapangia wafugaji bei kwa mlinganyo wake ingeulizwa kama ingeuza kwa mlinganyo huo huo. Mpaka hapa futikamba ni chombo cha haki, na anayeikataa kwa kuwa eti ni ya wazungu wa maabara anamtetea tapeli bila kujua.

Lakini Galton hakuishia kwenye maksai. Miaka 23 kabla ya tikiti za Plymouth, mwaka 1883, alikuwa tayari ameipa jina fani aliyoiota kwa ajili ya binadamu: kuchagua nani azae na nani asizae ili kizazi kiboreke. Vyombo vya kulinganisha kimo cha wazazi na kimo cha watoto, ambavyo leo vinalinganisha kifua cha kuku na nyama yake, alivitengeneza akiwa na ndoto hiyo kichwani. Yaliyofuata Marekani na Ujerumani katika karne ya 20 yanajulikana. Hatua ni moja tu kati ya kusema "kipimo hiki kinabashiri kile" na kusema "basi tuwazalishe wenye kipimo hiki". Ya kwanza inaeleza dunia. Ya pili inaiumba upya, na haimuulizi anayeumbwa.

Kwa kuku hatua hiyo ilipigwa hadharani. Mwaka 1948, jimboni Delaware, Marekani, ilifanyika fainali ya shindano la Kuku wa Kesho, lililodhaminiwa na maduka ya A&P kwa ushirikiano na wizara ya kilimo. Washiriki walipeleka mayai, vifaranga vikaanguliwa na kulelewa mahali pamoja kwa wiki 12, kisha vikachinjwa na kupewa alama. Kigezo kilikuwa na umbo: waandaaji walikuwa na sanamu ya nta ya kuku kamili aliyekwisha kuchinjwa, kidari kipana, mapaja mazito. Plato mwenyewe asingeweza kutaka mfano ulio wazi kuliko huo wa umbo bora linalotangulia kiumbe. Kuku hai walihukumiwa kwa jinsi walivyokaribia maiti ya nta.

Mshindi alikuwa Charles Vantress wa California. Jina lake limo mpaka leo katika kampuni ya Cobb-Vantress, na kuku wao aina ya Cobb 500 anafugwa katika mabanda mengi ya Afrika Mashariki. Mama anayenunua boksi la vifaranga mia mjini Morogoro au Nakuru ananunua pia uamuzi wa majaji wa nta.

Nguvu ya uamuzi huo imepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kulea pamoja kuku wa vizazi vitatu: ukoo uliotunzwa bila kubadilishwa tangu 1957, mwingine tangu 1978, na kuku wa biashara aina ya Ross 308 wa mwaka 2005. Chakula kilikuwa kile kile. Siku ya 56 wa kwanza alikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 1,808, wa tatu gramu 4,202. Tofauti yote hiyo ilitoka kwenye damu.

Kidari kilichopimwa kilikua. Visivyopimwa, au vilivyopimwa kwa kuchelewa, vilibaki nyuma. Moyo na mapafu vilielemewa, maji yakaanza kujaa tumboni mwa baadhi ya kuku. Miguu ikapinda chini ya mzigo. Na tangu miaka ya 2010 viwanda vikubwa vinalalamika juu ya kidari kigumu kama ubao na chenye michirizi myeupe ya mafuta, nyama ambayo inajaza mizani vizuri na mlaji anaikunjia uso. Mlinganyo ulikuwa umeahidi gramu. Gramu zimekuja. Kampuni za uzalishaji, kwa haki yao, zimeongeza afya ya miguu na moyo katika vigezo vyao vya uteuzi, na hali ya miguu ni bora kuliko ilivyokuwa miaka ya 1990. Lakini ni marekebisho ya kosa lililoanzia kwenye sanamu.

Mbaya zaidi ni hali ya wazazi. Kuku wanaotaga mayai ya vifaranga hivi wana hamu ile ile ya kula waliyowarithisha watoto. Wakiachwa washibe hunenepa mpaka wakashindwa kutaga na wengine kufa mapema. Kwa hiyo wakati wa kukua hupewa robo hadi theluthi tu ya kile ambacho wangekula wenyewe, na huishi na njaa mbele ya chakula. Wasomaji wa Kumbukumbu la Torati wanaifahamu sheria inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka. Mtume Paulo aliitumia baadaye kuwatetea wahubiri walipwe, na akauliza kama kweli Mungu alikuwa na habari na ng'ombe. Kwa kuku mzazi wa leo sheria hiyo ingefaa isomwe kama ilivyoandikwa, bila tafsiri ya ndani. Kinywa hakikufungwa kwa kamba. Kimefungwa kwa uzao.

Hapa ndipo sharti la bin Rawaha linapogota. Kati ya mnunuzi na muuzaji, mkadiriaji anaweza kusema chagueni upande wowote, nitachukua wa pili. Lakini mkataba wa kuku una pande tatu, na upande wa tatu hakuna anayeweza kujitolea kuuchukua. Hakuna mzalishaji atakayesema: kama mnaona kasi hii ni ya haki, niwekeni mimi ndani ya mwili huu. Biashara inaweza kuwa safi kabisa baina ya watu wawili, bila gharar, yaani kuuziana kisichojulikana, bila riba, kwa mizani iliyohakikiwa na serikali, na dhuluma yote ikawa imehamia kwa yule asiyetia saini.

Asitokee mtu akasema kuku hana la kusema. Mwaka 2000 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha jaribio ambalo kuku wa nyama waliwekewa vyakula viwili, kimoja kikiwa na dawa ya kutuliza maumivu. Waliokuwa wakichechemea walikula zaidi chakula chenye dawa kuliko wazima, na kadiri walivyochechemea sana ndivyo walivyokifuata zaidi. Ushahidi wa namna hiyo ungekubalika mbele ya kadhi yeyote.

Upande wa pili una hoja, na hoja yenyewe ni nzito. Kuku wa kisasa anahitaji chini ya kilo mbili za chakula kutoa kilo moja ya uzito, na chakula hicho ni mahindi na soya, mahindi yale yale yanayopikwa ugali. Kuku anayekua taratibu hula zaidi, hukalia banda muda mrefu, huhitaji mashamba mengi zaidi. Kwa familia ambayo miaka ya nyuma ilimwona kuku wakati wa Idi na Krismasi peke yake, bei nafuu ya broila si anasa. Ni protini ya mtoto. Anayeishi kwa mshahara mnono akimwambia fundi ujenzi aache chipsi kuku kwa ajili ya miguu ya kuku, ajiandae kujibiwa.

Uholanzi walijaribu kuifanyia hesabu hoja hiyo. Wazalishaji na maduka makubwa walikubaliana mwaka 2013 kuhamia kwa pamoja kwenye kuku mwenye maisha nafuu kidogo, na mpango wao nao waliuita Kuku wa Kesho. Mwaka 2015 mamlaka ya ushindani wa biashara ikaukataa. Ilikuwa imewauliza wateja wangelipa ziada kiasi gani kwa ajili ya maboresho hayo, ikapata senti 82 za euro kwa kilo, na gharama ilikuwa euro 1.46. Hesabu ikafungwa: mteja anapata hasara, mpango ni kinyume cha sheria. Angalia vizuri kilichopimwa. Maumivu ya kuku yaliingia kwenye mizani kupitia mfuko wa mlaji tu, na pale mfuko ulipoishia, na maumivu yakaishia. Kwa kanuni za mamlaka ile uamuzi ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba kanuni hazikuwa na kiti cha upande wa tatu. Baadaye maduka yalisonga mbele yenyewe, kila moja kivyake.

Afrika Mashariki hatujafika huko, na pengine hatuhitaji kupita njia hiyo hiyo. Tuna jambo ambalo Waholanzi wengi wameliacha: bado tunamwuliza mchinjaji habari za dini. Vyeti vya halali vinakagua kisu, jina la Mungu, mshipa uliokatwa. Kisu kinakagua sekunde chache za mwisho. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inayoamuru kunoa kisu na kumpumzisha mnyama inaanza kwa kuwajibisha wema katika kila jambo, na siku 35 za kuku kabla ya kisu nazo ni jambo. Ajabu ni kwamba masheikh wengi na wachungaji wengi wameachia siku hizo kwa wauza vyakula vya mifugo.

Mapendekezo hayahitaji maabara. Kuku auzwe kwa kilo, mbele ya mnunuzi, ili ubishi wa kidole gumba uishe. Anayenunua vifaranga kwa maelfu amuulize muuzaji kiwango cha vifo na cha ulemavu wa miguu, pamoja na siku za kufikia uzito. Maimamu na mapadri wanaobariki vyakula waulize vilipotoka. Na mfugaji asimame mlangoni mwa banda wiki moja kabla ya kuuza, awatazame kuku wake wakitembea, kila mmoja ampe alama kuanzia sifuri kwa anayetembea vizuri hadi tano kwa asiyeweza kutembea kabisa. Kipimo hicho kilitengenezwa Bristol mwaka 1992, kinatumika duniani kote, na hakihitaji hata futikamba.